Kadi ya Mkopo kwa Aliyeharibu Jina Benki: Uchambuzi wa Kisa cha Wakala wa Forodha wa Mpakani

Usuli

Mhusika wa kisa hiki ni mama wa makamo anayeendesha ofisi ndogo ya uwakala wa forodha katika mji mmoja wa mpakani, mashariki mwa Uganda. Jina lake, mji, benki zote zilizohusika na tarehe kamili vimeondolewa, na viwango vya fedha vimesawazishwa ili asitambulike, lakini mfuatano wa mambo umebaki ulivyokuwa. Humu ataitwa mteja.

Ni lazima kwanza ieleweke kwa nini mtu wa kazi yake alihitaji kadi ya mkopo, kwa kuwa wengi wetu tunaishi vizuri tu na kadi ya kawaida ya akaunti na pesa za simu. Tangu Himaya ya Pamoja ya Forodha ya Afrika Mashariki ianze kufanya kazi mwaka 2014, sehemu kubwa ya mizigo inayokuja Uganda hukamilishiwa nyaraka na kodi ingali Mombasa, na mawakala wa mpakani wamelazimika kutafuta kazi nyingine za kuongezea. Mteja alianza kuwahudumia wafanyabiashara wadogo wanaosafiri kwenda Dubai na Guangzhou kununua bidhaa: anawakatia tiketi, anawashikia vyumba vya hoteli, anafuatilia mizigo yao. Malipo hayo hufanyika mtandaoni, na hoteli nyingi za nje hazishiki chumba bila kadi. Wateja wake humlipa baadaye, wengine baada ya wiki moja, wengine mzigo ukishafika. Pengo hilo la wiki mbili tatu ndilo alilotaka kuliziba.

Jina lake lilikuwa limeharibika kwa njia ambayo watu wengi wa biashara wataitambua. Mwaka 2019 alikopa shilingi milioni 18 kwa ajili ya gari dogo la mizigo na mtaji wa kuzungusha. Janga la korona lilipofika, malori yakapanga foleni ndefu Malaba na Busia yakisubiri madereva wapimwe, na mapato yake yakakauka. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2020 Benki Kuu ya Uganda iliruhusu benki kuwapangia upya mikopo wakopaji walioathirika. Nafuu hiyo, hata hivyo, haikumfuata mtu nyumbani. Mkopaji alipaswa kwenda benki kuiomba. Mteja alisikia tangazo redioni, akaamini kwamba limewahusu wote, akakaa kimya. Marejesho yakachelewa hadi kuvuka siku 90, yaani kiwango ambacho mkopo huanza kuhesabiwa kuwa haulipiki. Alikuja kuumaliza mwaka 2022, pamoja na faini, akadhani mambo yamekwisha.

Maombi yaliyokataliwa

Mwishoni mwa mwaka 2023 aliomba kadi ya mkopo katika benki tatu, mfululizo, ndani ya mwezi mmoja. Benki ya kwanza ilimkatalia kwa simu. Ya pili ilimwambia kwamba kadi hizo ni za wenye mshahara unaopitia benki hiyo. Ya tatu ilimpa jibu lililokuwa na maana zaidi, kwamba “CRB si nzuri”, yaani taarifa yake iliyoko kwenye kampuni za taarifa za mikopo, ila haikumweleza ni kitu gani hasa kisicho kizuri.

Hapo ndipo alipotokea kijana mmoja wa Kampala, aliyejitambulisha kama wakala wa mikopo, akaahidi kumsafishia jina kwa shilingi 600,000, nusu ilipwe mwanzoni. Mteja alikuwa tayari kumtumia. Alipofika kwetu kuomba ushauri, jambo la kwanza lililoamuliwa lilikuwa kumwacha kijana huyo, na sababu ni ya kiutaratibu zaidi kuliko ya kimaadili. Kampuni za taarifa za mikopo, ambazo zimekuwapo nchini tangu mwaka 2008, hupokea taarifa kutoka kwa wakopeshaji. Taarifa ikiwa na kosa, mwenye uwezo wa kuirekebisha ni mkopeshaji aliyeituma, baada ya kampuni kumwuliza au mkopaji kumwandikia. Ikiwa ni ya kweli, hakuna ofisi ya pembeni inayoweza kuifuta. Kwa vyovyote vile, huyo kijana hakuwa na kitu cha kuuza.

Jambo la pili lilikuwa kusitisha maombi yote. Kila benki inapoitazama taarifa ya mtu, upekuzi huo hubaki umeandikwa, na ofisa wa mikopo anayeona benki tatu zimeuliza ndani ya wiki nne hujiuliza kwa nini zote zimempita.

Taarifa ilivyosomeka

Mteja aliomba nakala ya taarifa yake mwenyewe kwa kutumia ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, akaja nayo ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya pochi. Ilikuwa na mambo matatu yaliyoandikwa, na moja ambalo halikuwapo.

La kwanza lilikuwa ule mkopo wa milioni 18. Ulionyeshwa kuwa bado unadaiwa shilingi 640,000, na siku za kuchelewa zilikuwa zinaendelea kuhesabiwa hadi mwezi uliotangulia. Mteja alikuwa na risiti ya malipo ya mwisho. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba faini ya mwezi wa mwisho iliingizwa kwenye hesabu siku mbili baada ya yeye kulipa, na hakuna aliyempigia simu. Kwa hiyo mtu aliyeamini kuwa amemaliza deni alikuwa akionekana mdaiwa sugu kwa zaidi ya mwaka mzima, kwa sababu ya salio ambalo hakuwahi kuonyeshwa.

La pili lilikuwa mkopo wa simu wa shilingi 40,000, uliochukuliwa kwenye laini ambayo aliacha kuitumia zamani. Alicheka alipouona. Lakini laini zetu zimesajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa, na mikopo ya aina hiyo mara nyingi nyuma yake huwa kuna benki yenye leseni, hivyo deni dogo la laini iliyotupwa humfuata mwenyewe kama deni jingine lolote.

La tatu lilikuwa udhamini. Alikuwa amemsainia mwenzake wa kazini, na mkopo wa mwenzake ulikuwa umekwama.

Kisichokuwapo ni chama chake cha akiba na mikopo. Kwa miaka mingi mteja alikuwa amekopa na kulipa humo bila kuchelewa, na aliamini kwamba uaminifu huo ndio unaomjengea jina upya. Tangu marekebisho ya sheria ya taasisi za fedha ya mwaka 2016, vyama kama hivyo vinaweza kujiunga na mfumo wa taarifa za mikopo, lakini chake hakikuwa kimejiunga. Malipo yake yote mazuri yalikuwa kwenye daftari ambalo benki hailioni. Kwa maoni yangu hili ndilo lililomgharimu zaidi katika kisa chote, kwa kuwa lilimpa utulivu usiokuwa na msingi kwa muda mrefu.

Hatua zilizochukuliwa kabla ya kadi

Mkopo wa simu ulilipwa siku hiyohiyo. Kwa lile salio la 640,000, mteja alitaka kulilipa papo hapo ili yaishe, lakini aliandika kwanza barua kwa benki, akaambatisha risiti, na kuomba maelezo ya salio pamoja na marekebisho. Nakala ilipelekwa kwa kampuni ya taarifa za mikopo. Barua ilitaja haki ya mtu kurekebishiwa taarifa zake chini ya sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, si kwa vitisho, bali kwa kuwa barua yenye kifungu cha sheria hupelekwa kwenye meza tofauti na barua ya malalamiko matupu. Benki ilikubali kwamba faini iliingizwa bila taarifa, ikaiondoa, ikatoa barua ya kumaliza deni, na baada ya wiki kadhaa mkopo ukaonekana umefungwa.

Kufungwa hakukufuta historia. Zile siku za kuchelewa za mwaka 2020 na 2021 zilibaki zimeandikwa, na ni haki zibaki, kwa sababu zilitokea. Tofauti ni kwamba ofisa anayesoma sasa aliona mtu aliyeanguka wakati wa korona akasimama, badala ya mtu ambaye bado anadaiwa.

Udhamini haukuwa na tiba ya haraka. Mwenzake aliahidi kulipa kidogo kidogo.

Kadi zilizolinganishwa

Baada ya hapo kadi nne ziliwekwa mezani. Ya kwanza, kadi isiyo na dhamana yenye kikomo cha milioni 5, ilitupwa mara moja, kwa kuwa benki hiyo ilikuwa imekwisha kumkatalia na hakuna kilichobadilika machoni pake. Ya pili ilikuwa kadi ya kujaza pesa kabla. Ilikuwa rahisi, hailipiwi ada kubwa, na ingemwezesha kulipa hoteli nyingi mtandaoni. Lakini anayetumia pesa alizozitia mwenyewe hajakopa, na asiyekopa hana marejesho ya kuandikwa. Kama shida yake ingekuwa kulipa mtandaoni tu, kisa hiki kingeishia kwenye kadi hiyo, na ningemshauri mtu yeyote mwenye shida ya aina hiyo aishie hapo.

Zilibaki mbili, zote zikiitwa na maofisa wa benki zao kadi za dhamana: mteja anaweka amana, benki inampa kadi. Kwenye karatasi zilifanana sana, na ya nne ilikuwa na ada ndogo kuliko ya tatu. Mteja alipewa swali moja la kwenda kuuliza katika kila benki: “Nikinunua tiketi ya laki tano, amana yangu inapungua, au linazaliwa deni?” Katika benki ya nne ofisa alijibu kwa kujiamini kwamba amana inapungua, na mteja anaweza kuijazia wakati wowote. Hiyo ilikuwa kadi ya kujaza kabla iliyovikwa jina jingine. Katika benki ya tatu ofisa alijibu kwamba amana haiguswi, inazaa riba yake, na ununuzi unaingia kwenye deni la kadi ambalo hulipwa kwa mwezi na kuripotiwa pamoja na mikopo mingine ya benki. Mteja aliomba jibu hilo kwa maandishi, akapewa kwa barua pepe.

Masharti yake yalikuwa haya. Amana ya shilingi milioni 2.5 kwa mwaka mmoja, kikomo cha milioni 2, ada ya mwaka shilingi 120,000, riba ya asilimia 3 kwa mwezi kwa deni lisilolipwa lote, na kiwango cha chini cha kulipa asilimia 5 ya deni. Amana ililipwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, yaani shilingi 200,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15 zikabaki 170,000. Ukiondoa ada ya kadi, mteja alikuwa anabaki na faida ya shilingi 50,000, mradi asilipe riba hata senti moja. Alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika, kwamba milioni 2.5 zikizunguka kwenye mizigo kwa mwaka zinazaa zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo bei halisi ya kadi, na aliambiwa aihesabu hivyo.

Alifikiria kukopa amana hiyo kutoka kwenye chama chake cha akiba. Ilikataliwa bila mjadala mrefu: kukopa kwa riba ili kufunga pesa kwa riba ndogo zaidi ni hasara ya uhakika. Alisubiri miezi minne akusanye.

Fomu na kisanduku kimoja

Siku ya kusaini, ofisa alimletea fomu ya kurasa sita iliyokwisha kujazwa kwa kalamu ya bluu, ikabaki sahihi yake tu. Kwenye ukurasa wa tano kulikuwa na sehemu ya makato ya moja kwa moja kutoka akaunti yake, yenye visanduku viwili: kiwango cha chini, au deni lote. Tiki ilikuwa imewekwa kwenye kiwango cha chini.

“Mwanangu, hapa nani amepiga tiki?”

“Mama, hiyo ndiyo kawaida yetu. Inakupa nafasi ya kupumua.”

Mteja aliomba fomu mpya. Hesabu ya kisanduku hicho inastahili kuandikwa wazi. Chukua deni la shilingi 1,600,000. Kiwango cha chini cha asilimia 5 ni 80,000, na riba ya mwezi ya asilimia 3 ni 48,000. Maana yake ni kwamba mteja angelipa 80,000 na deni lake likapungua kwa 32,000 tu, huku taarifa yake ya mikopo ikionyesha mlipaji mzuri. Riba hiyo inazidi hata kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi ambacho serikali iliwawekea wakopeshaji binafsi mwaka 2024, wale wale ambao watu wa mjini huwaogopa. Kadi ya mkopo ni rahisi kwa anayelipa deni lote kwa siku yake, na ni miongoni mwa mikopo ghali zaidi benki kwa asiyefanya hivyo. Hakuna hali ya katikati.

Yaliamuliwa pia mambo matatu ya matumizi. Kadi ingelipia tiketi, hoteli na huduma za mtandaoni za ofisi. Kodi za wateja zisingelipwa kwa kadi hata mara moja, kwa sababu ni kubwa na marejesho yake yanategemea nidhamu ya mtu mwingine. Na kadi isingetumika kutoa pesa taslimu kwenye mashine, kwa kuwa hapo riba huanza kuhesabiwa siku ileile, bila muda wa neema, yaani siku za kulipa bila riba, juu ya ada ya kutoa.

Mwaka wa kwanza

Miezi mitatu ilikwenda vizuri. Mwezi wa nne makato ya moja kwa moja yaligonga akaunti tupu. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa tarehe 5, na wateja wake wengi hulipa kati ya tarehe 8 na 12, baada ya wao wenyewe kulipwa madeni ya mwisho wa mwezi. Malipo yalichelewa siku nne, akatozwa faini ya 30,000 na riba ya deni zima. Kwa jina linalojengwa upya, siku nne si jambo la kupuuza.

Mteja aliomba benki isogeze siku ya kutoa taarifa ya kadi ili siku ya mwisho ya kulipa iangukie tarehe 18. Ofisa wa kaunta alisema haiwezekani. Msimamizi wake alilifanya kwa dakika chache.

Mwezi wa saba dereva aliyekwama njiani alihitaji pesa za haraka, mteja akatoa shilingi 400,000 kwa kadi kwenye mashine. Alijua sharti, akalivunja kwa makusudi, akazirudisha pesa baada ya siku tano. Gharama haikuwa kubwa. Ninalitaja kwa kuwa mtu anayesoma kisa kama hiki asidhani kwamba mpango ulifuatwa kama ulivyoandikwa.

Matokeo

Baada ya miezi kumi na miwili taarifa yake ilionyesha kadi iliyolipwa kila mwezi, mara moja ikiwa imechelewa kidogo, mkopo wa zamani uliofungwa, na udhamini ambao ulikuwa bado una doa. Benki ya kadi ilimpa mkopo wa mtaji wa shilingi milioni 6 bila kuongeza dhamana, kwa riba ya juu kidogo kuliko aliyoitarajia. Benki moja kati ya zile tatu za mwanzo ilimkatalia tena, ikitaja udhamini.

Wiki hiyohiyo ya mkopo, benki ya kadi ilimtolea kadi ya daraja la juu: kikomo milioni 8, ada ya mwaka shilingi 350,000, ukumbi wa kupumzikia uwanja wa ndege na pointi kwa kila ununuzi. Mteja husafiri kwa ndege mara moja kwa mwaka, pengine mara mbili. Alikataa, akaomba badala yake kadi ileile iendelee, kikomo kipande hadi milioni 3, na amana iachiliwe.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi hakikuwa kadi. Kusoma taarifa na kuondoa salio la 640,000 kulifanyika kabla ya kadi kuwapo, na nina shaka kama kadi yoyote ingemsaidia huku deni la uongo likiendelea kuhesabiwa siku. Mtu aliyeharibu jina anayekimbilia kuomba kadi kabla ya kuiona taarifa yake anaongeza upekuzi juu ya tatizo asilolijua.

Swali la amana na deni lilikuwa na faida kubwa kuliko ulinganisho wa ada. Kama mteja angechagua kwa ada, angechukua kadi ya nne, angeitumia kwa uaminifu mwaka mzima, na mwishoni angekuwa amejenga kitu kilekile alichokijenga kwenye chama chake cha akiba: sifa isiyoonekana.

Alikuja pia na ushauri aliousoma mtandaoni kwamba asitumie zaidi ya asilimia 30 ya kikomo. Ushauri huo umetungwa kwa mazingira ya Marekani na alama za FICO za kupima uaminifu wa mkopaji, zinazoanzia 300 hadi 850, ambako kiasi cha kikomo kinachotumika huingia kwenye hesabu ya alama. Maofisa wawili waliozungumza na mteja huyu waliuliza siku za kuchelewa na madeni yaliyo wazi. Hakuna aliyeuliza alama. Kutumia kidogo ni jambo jema kwa sababu nyingine, kwamba deni dogo hulipika lote, lakini kujinyima chumba cha hoteli ya mteja ili kubaki chini ya asilimia fulani kungekuwa kupoteza kazi kwa ajili ya kanuni ya nchi nyingine.

Kilichoshindikana kwanza ni tarehe. Fomu ya benki iliuliza mapato ya mwezi ni kiasi gani, haikuuliza yanaingia lini, na kwa mfanyabiashara swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Mwenye mshahara hulipwa siku inayojulikana. Wakala wa forodha hulipwa mzigo ukitoka.

Kilichoshindikana pili, na bado hakijatatuliwa, ni udhamini. Juhudi zote za mwaka mzima zilikuwa na dari, na dari hiyo iliwekwa na sahihi aliyomtilia mtu mwingine. Mwenzake amelipa karibu nusu ya deni. Mteja amependekeza kumalizia sehemu iliyobaki yeye mwenyewe kutoka kwenye amana itakapoachiliwa, kwa makubaliano ya maandishi kwamba atarudishiwa kwa kazi za usafirishaji. Uamuzi huo una hatari yake, kwa kuwa anaweza asirudishiwe, lakini kwa hesabu ya riba anayolipa zaidi kwenye mkopo wa milioni 6 unaweza kumfaa. Hadi kisa hiki kinaandikwa, benki ilikuwa haijajibu ombi la kuachilia amana, na barua ya pili ya kukumbusha ilikuwa imepelekwa.